Nyumba Mbili za Mwana Mize

Zama zile mji wa Mwambore ulipokuwa bado na ukuta wake mzima, na mafundi wake wakifua panga zilizotafutwa mpaka Barawa, hapakuwa na mwungwana wa mji aliyewahi kulala jangwani kwa hiari yake. Watu wa Mwambore walikuwa watu wa nyumba za mawe. Mtu alizaliwa chini ya dari ya boriti, na akifa alitolewa kwa mlango ule ule alioingilia mama yake siku ya harusi. Binti akizaliwa, baba alianza kuchoma chokaa ya nyumba yake. Mambo ya ngamia waliwaachia wenyewe.

Basi msimcheke sana Shekuwe bin Athmani. Ilikuwa siku ya thelathini na nane ya safari, na bado hajajua kukaa juu ya ngamia. Kila mnyama alipoinuka, akianza na miguu ya nyuma, Shekuwe alikumbatia tandiko kwa mikono miwili akipiga kelele, "Ya Latifu!" na msafara mzima ukacheka. Joho lake jeusi, lililoshonwa kwa ajili ya sala ya Ijumaa, lilikuwa limegeuka jeupe kwa chumvi ya jangwa. Jambia lake la fedha lilimchoma ubavuni kutwa kucha, lakini kulivua hakutaka, maana aliona haya kufika kwa watu kiuno kitupu.

"Bwana Shekuwe," akasema Warsame, mkuu wa msafara, Msomali mwenye ndevu zilizopakwa hina, "huyo ngamia anakuhurumia. Na wewe mhurumie, usimkabe."

Nyuma ya Shekuwe alifungwa ngamia wa pili, jike mpole, aliyetandikwa godoro la sufi na kufunikwa kitambaa chekundu cha kukinga jua. Juu ya godoro lile hakuketi mtu. Siku thelathini na nane ngamia yule alitembea hivyo hivyo, na hakuna aliyethubutu kumcheka.

Kisa chake kilikuwa hiki. Miaka kumi na mmoja nyuma, jeshi la mji wa jirani liliizingira Mwambore miezi minne, kwa bara na kwa bahari. Watu walikula ngozi za ngoma. Wazee wakaamua wasichana watolewe usiku kwa mlango mdogo wa kaskazini, wakajifiche bara. Mlinzi wa mlango ule alikuwa Shekuwe, kijana wa miaka ishirini, mwenye ngao ya ngozi ya kifaru na upanga wa babu yake. Akamtoa umbu lake, dada yake mdogo Mwana Mize, msichana wa miaka kumi na sita, kwa mkono wake mwenyewe.

"Nenda, Mize," alimwambia. "Nisubiri kwenye mikoko. Nitakufuata kesho."

Kesho yake alfajiri adui aliuvamia mlango ule. Walipigana hapo mpaka adhuhuri, mtu na mtu, ngao kwa ngao, hata upanga wa babu ukakatika mpinini. Adui aliporudi nyuma kidogo, wazee wakaamuru mlango uzibwe kwa mawe. Shekuwe naye akabeba mawe, akaupanga ukuta baina yake na umbu lake. Mji ukaokoka. Amani iliporudi baadhi ya wasichana walipatikana, lakini Mize hakuonekana. Watu walimsifu Shekuwe kwa ushujaa wa mlangoni, na kila walipomsifu aliinuka akaondoka barazani.

Baba yao alimaliza nyumba ya Mize hata hivyo, dari, zidaka za ukutani za kupangia vyombo, mlango wa nakshi na kila kitu, kisha akafariki. Mama yao, Mwana Dalu, akapofuka. Lakini vidole vyake havikupofuka. Mwana Dalu alikuwa wa shoto, na mikeka yake ililala upande, ukili wake, ule msuko wa majani ya miyaa, ukielekea kushoto, kinyume na ukili wa wanawake wote wa mji. Alimfundisha binti yake peke yake. Mize hakuwa wa shoto. Alijifunza kwa kuiga, akiharibu, akikaza mno kila afikapo pembeni, na mama akimcheka.

Sasa mwaka ule wa safari, siku moja, wachuuzi wa samli waliingia Mwambore, na Mwana Dalu akapewa chombo aonje. Chombo kilikuwa na kifuniko cha miyaa. Akakishika kifuniko, akakipapasa pembeni, asionje kitu.

"Shekuwe," akasema, "mwanangu yu hai. Kamlete."

Ikajulikana kwamba kifuniko kilitoka kwa Wagabra, watu wa ngamia, ng'ambo ya jangwa la chumvi. Ndiyo sababu Shekuwe alikuwa juu ya tandiko lile.

Jioni ile Warsame alinyosha bakora yake. Mbele yao, chini ya majabali meusi, palikuwa na boma la miiba, na ndani yake nyumba kumi na nne zilizopangwa mstari mmoja, milango yote ikitazama magharibi. Nyumba zenyewe zilikuwa fito zilizopindwa zikafunikwa mikeka na ngozi. Ngamia walikuwa wakirudi kutoka malishoni, kengele zao za mti zikigonga.

"Usiku mmoja tu," akasema Warsame. "Kisima kinachofuata ni mwendo wa siku mbili, na viriba vyetu vinakaribia kukauka. Alfajiri tunaondoka, ukiwa naye au bila yeye. Nisamehe, bwana wangu."

Shekuwe alikuwa akisikiliza sauti. Ndani ya boma, mwanamke mmoja alikuwa akiita kwa hasira, kama waitavyo mama wote mtoto asiposikia. "Dalu! We, Dalu!"

Jina la mama yake, katika nchi ile! Alishuka kabla ngamia hajapiga magoti, akaanguka kifudifudi, akainuka na mchanga mdomoni. Msichana wa miaka kama saba alimpita mbio akicheka, na nyuma yake akaja mwanamke mrefu, kichwa kimefungwa ngozi laini, shanga za madini shingoni. Mwanamke akasimama. Akalitazama joho, kisha jambia, kisha uso.

"Umechelewa," akasema kwa Kiswahili. Kisha akakaa chini pale pale.

Mume wa Mize, Galgalo, mtu mzima mwenye maneno machache na macho ya upole, alimpokea Shekuwe kwa heshima zote. Nyumba yake ilikuwa ya kwanza katika mstari, maana yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa kambi. Alimwinulia mgeni mlango wa ngozi kwa mkono wake, akanena jambo, na Mize akatafsiri: "Anasema, nyumba ni ya mke wangu, kwa hiyo ndugu yake hahitaji ruhusa yangu." Kisha akaenda kuzungumza na wazee, kwani vijana wawili waliotumwa kutafuta malisho walikuwa wamerudi saa ile ile na habari. Shekuwe hakuielewa lugha, wala habari za malisho hazikumhusu.

Mtoto, yule Dalu mdogo, alileta maziwa katika kibuyu, akamwelekezea mjomba wake kwa mkono wa kushoto. Mama akampiga kofi dogo kiganjani. Mtoto akahamisha kibuyu mkono wa kulia, na nusu ya maziwa ikamwagika. Wote watatu wakacheka, ikawa ndiyo mara yao ya kwanza kucheka pamoja.

Wakazungumza. Kiswahili cha Mize kilikuwa kimeingia kutu. Alikuwa akisita katikati, akilitafuta neno, na alipolipata alilirudia mara mbili tatu kwa raha.

"Zidaka," alisema. "Zidaka, zidaka. Baba alitia zidaka ngapi?"

"Ishirini na nne. Na bakuli za kijani ulizozipenda, mama amezipanga mwenyewe. Hajaingia mtu, Mize. Kila Ijumaa mama anafagia, na hali haoni."

"Kisima cha uani kina maji?"

"Kina maji. Na asmini imepanda mpaka darini."

Mize akafunika uso kwa mikono. "Nyamaza kidogo," akasema. "Nyamaza, kaka, utaniua."

Moto ulipopungua, Shekuwe alilitoa lile lililomkaa moyoni miaka kumi na mmoja. "Mawe ya mlango niliyabeba mimi. Niliambiwa nizibe, nikaziba. Nilijua uko nje."

"Nilikungoja siku tatu mikokoni," Mize akajibu. "Nilikunywa maji ya chumvi. Siku ya nne wakapita hawa na samli yao, wakaniweka juu ya ngamia. Nilikutukana njia nzima, Shekuwe, kila tusi nililolijua. Nilipozaa huyu nikaacha."

"Basi twende nyumbani. Mama anafifia. Anaishi kwa ajili ya siku hii moja tu. Mchukue mtoto, na mumeo akitaka naye aje, nitamheshimu kama kaka yangu. Ngamia wako yuko nje."

Mize alitoka akamwona ngamia, akaligusa godoro la sufi kwa kiganja, akalinusa. Lilikuwa na harufu ya udi wa nyumbani kwao. Alisimama hapo muda mrefu. Aliporudi macho yalikuwa yamevimba.

"Lala," akasema. "Asubuhi nitakujibu."

Alilala nani? Shekuwe alijinyosha juu ya ngozi, nyota zikimwangalia kwenye matundu ya mikeka, akasikiliza ngamia wakicheua na mtoto akikoroma. Alimwomba Mungu kwa majina yote aliyoyajua. Karibu na alfajiri usingizi ukamchukua, na Mize akamshtua kwa bega.

"Toka nje, kaka. Navunja nyumba."

Lahaula! Alitoka mbio. Na kweli, Mize alikuwa akifungua kamba, akiteremsha mikeka mmoja mmoja, aking'oa fito na kuzifunga matita. Mtoto akizipokea ngozi akizikunja. Moyo wa Shekuwe ukamruka. Mtu wa Mwambore anajua jambo moja kuhusu nyumba: havunji mtu nyumba anayokusudia kuishi ndani yake. Hilo basi ndilo lilikuwa jibu.

Alikimbia kwa Warsame, kilemba kikining'inia. "Anakuja! Anakuja, Warsame! Tandika! Tafuta maji ya watu wawili zaidi!" Akavua jambia lake la fedha, lile lililomchoma siku thelathini na nane, akamtia Warsame mkononi. "Lako! Mama yangu atapona!"

Warsame akalitazama jambia, wala hakulifunga. Akamshika Shekuwe mabega, akamgeuza taratibu.

Kulikuwa kumekucha. Nyumba ya pili katika mstari ilikuwa inashuka. Ya tatu pia. Mpaka mwisho wa boma wanawake walikuwa wakifungua kamba zao, na ngamia wakipigishwa magoti wabebe fito.

"Mvua imenyesha kaskazini," Warsame akasema kwa sauti ndogo. "Wale vijana waliileta habari jana. Watu hawa huhama hivyo, bwana wangu. Nyumba ya mkubwa hutangulia kuvunjwa." Akamrudishia jambia kiunoni, akalifunga mwenyewe.

Mize akaja akimwongoza ngamia aliyebeba nyumba yake nzima, fito zikipinda juu ya nundu. Alielewa mara moja alipomwona uso.

"Umedhani...? Ee Mola wangu. Nisamehe, nisamehe." Akamshika mikono. "Sikia. Naitaka nyumba ile. Usiku kucha nimetembea ndani yake, chumba kwa chumba. Namtaka mama mpaka mifupa inaniuma. Lakini nikimwona mama sitarudi, najijua. Na mtoto huyu ana baba anayempenda, na baba huyo hataweza kuishi ndani ya mawe hata mwezi mmoja. Siji, kaka. Usimwambie mama kwamba sikutaka. Mwambie nilitaka."

"Nitamwambia nini nikirudi na godoro tupu?"

Mize akageuka, akafungua mkeka mmoja katika mzigo, ule uliofunika paa juu ya kitanda chake, akauvuta ukatoka. Nyumba yake ingekuwa na tundu hapo mpaka asuke mwingine. Akautandika kwa mikono yake juu ya godoro la sufi, akaukaza kwa kamba.

"Ndiyo nyumba yangu hiyo. Mama alale juu yake." Kisha akajaribu kucheka. "Haya, nenda. Na safari hii usiniambie utanifuata kesho."

Wakaachana, mmoja kaskazini na mmoja kusini. Shekuwe aligeuka nyuma mara nyingi, na kila alipogeuka kitoto kilikuwa bado kikipunga mkono juu ya mzigo wa fito, hata jangwa likawa tupu.

Waliosimulia habari za Mwambore walihifadhi mazingiwa ya miezi minne, majina ya waliokufa mlangoni na urefu wa ukuta, ambao leo ni kifusi. Habari ya mkeka ilibaki kwa wanawake wa nyumba moja, na kwao ndiko nilikoipata.

Wanasema Shekuwe aliingia usiku, na njia nzima alikuwa ametunga maneno ya kumwambia mama yake, yote mazuri, na kizingitini yakampotea yote. Akautandaza tu mkeka mapajani mwa Mwana Dalu. Bibi akaupapasa. Vidole vikatembea taratibu kutoka upindo mmoja.

"Mize," akasema. "Bado anakaza pembeni. Mkono wake haukuzoea kamwe." Machozi yakamtoka, vidole visisimame. Vilipofika katikati ya mkeka vikasita, vikarudi nyuma, vikaenda tena. Hapo palikuwa na mistari michache iliyopindapinda, mibaya, ya mtu asiyejua kazi.

"Na huyu ni nani?"

Shekuwe akainama kuitazama ile mistari.

"Huyu hakazi," bibi akasema. "Anakosea, lakini hakazi. Huyu haigi mtu, Shekuwe. Huyu ni wa shoto kama mimi."

"Ana miaka saba, mama."

"Anaitwaje?"

Akamwambia. Mwana Dalu akalaza kiganja chake juu ya ile mistari mibovu. Kisha akaomba apelekwe nyumba ya Mize, madirisha yafunguliwe, mkeka utandikwe kule. Aliishi humo miaka minne zaidi, na hakumruhusu mtu yeyote kuikanyaga mistari ile ya katikati.