Shangazi wa Zahanati

Tabibumashine wa Shule ya Wasichana Nyotambali alikuwa na mikono sita, jicho moja na kipaza sauti. Mkono wa kwanza ulishika kiganja cha mgonjwa, wa pili ulipima joto, mitatu ilichanganya dawa kutoka vichupa mia mbili vilivyokuwa tumboni mwake, na wa sita ulipangusa machozi ya waliohitaji kupanguswa. Kipaza sauti kilitangaza majibu ya mgonjwa kutoka zahanati hadi jikoni, maana bodi ya shule iliamini kwamba hakuna anayeweza kusingizia ugonjwa mbele ya umma. Wanafunzi walimwita Shangazi. Alijua mambo ya kila mtu, na hakuna hata moja lililomkaa kifuani.

Asubuhi moja ya mwaka 2097, Tulizo Kapinga wa kidato cha tatu alisimama kwenye foleni ya zahanati bila kuumwa chochote. Alikuja kutazama matunda ya kazi yake. Jana yake, wenzake wakiwa michezoni, alikuwa amenyunyiza upupu kwenye blanketi la kiranja wa bweni, Eligiva Mbwilo, aliyekuwa amemwandika mara mbili kwenye daftari la makosa. Kosa la tatu lilimaanisha kurudishwa nyumbani, wewe na tranka lako. Tulizo hakuwa na nia ya kosa la tatu kujulikana. Upupu huwasha, mtu hujikuna, huoga, yakaisha.

Kwa Eligiva hayakuisha. Mikono yake ilivimba mabaka makubwa kama ramani ya visiwa.

"Upupu huwasha kila mtu," Shangazi alisema, jicho lake likipita juu ya mabaka. "Lakini ngozi yako imeukataa kabisa. Huu ni mzio. Unapumua vizuri? Ulimi haujavimba?"

"Napumua vizuri, Shangazi. Ulimi mzima."

"Basi nitakuchoma sindano ya kuzuia mzio, kisha nitakupaka steroidi kali. Ya kwanza hukata muwasho, ya pili hutuliza uvimbe. Zinaelewana vizuri, mradi nyingine za ukoo wao hazijatangulia mwilini. Siku hizi umemeza au kupaka dawa gani?"

Eligiva alitazama kipaza sauti. Nyuma yake wasichana arobaini walinyamaza ghafla, kwa heshima kubwa, ili wasikose neno.

"Hakuna," alisema.

"HAKUNA," kipaza sauti kikaitaarifu shule, pamoja na wapishi.

Hapo moyo wa Tulizo ulishuka hadi kwenye soksi. Mikono ilimwonyesha Shangazi joto na mapigo ya moyo tu. Mengine alitegemea kuambiwa. Lakini Tulizo alijua. Asubuhi ile alimwona Eligiva akimeza vidonge viwili vya mzio, vile vya zamani vinavyoleta usingizi, kisha akasinzia hadi pua ikagusa uji. Na jana, ndani ya tranka la Eligiva lililoachwa wazi, aliona mirija ya krimu isiyo na lebo, ile ya kung'arisha uso inayouzwa kwa siri, ambayo kila msichana anajua imejaa steroidi. Mirija mitatu ilikuwa imekamuliwa hadi mwisho. Na huyu ndiye aliyewahutubia kila Ijumaa kuhusu kujikubali.

Akisema ukweli, shule nzima itamcheka dada wa watu. Akinyamaza, sindano ile itawakuta ndugu zake mwilini. Mkono wa nne ulikuwa tayari umeinuka.

"Samahani, Shangazi," Tulizo alisema. "Ngoja kwanza."

"Subiri zamu yako."

"Zamu yangu ni hii. Nimemwekea dada Eligiva dawa bila yeye kujua."

Mkono wa nne ulisimama hewani.

"Dawa gani?"

"Vidonge viwili vya mzio, vya usingizi. Nilivisaga kwenye uji wake leo. Na krimu ya steroidi kwenye mafuta yake ya uso."

"Kwa muda gani?"

Tulizo alikumbuka ile mirija. "Miezi mitatu."

"Kila siku?"

"Mimi ni mvumilivu sana, Shangazi. Na upupu pia ni wangu."

Foleni iliangua kicheko. Eligiva hakucheka. Alimtazama Tulizo kwa muda mrefu, macho yakiwa mazito kwa usingizi na kwa jambo jingine.

Shangazi alirudisha sindano tumboni. "Ningekuongezea dawa hii juu ya ile," alimwambia Eligiva, "ungelala usingizi wa kuamshwa kwa taabu. Leo humezi tena. Kesho utapewa ile isiyoleta usingizi, kidonge kimoja. Mikononi utapaka steroidi ya kadiri, utando mwembamba, siku tano. Hii usiipake usoni. Na hiyo ya miezi mitatu usiikatishe peke yako. Daktari binadamu atakupunguzia taratibu."

Mkuu wa shule, Mwalimu Sanga, alikuwa amesikia kila neno akiwa ofisini. Aliamuru tranka la Tulizo lifungwe. Lakini Eligiva alimfuata na kusema, "Mwalimu, mimi ndiye niliyekosewa, na nimemsamehe." Baada ya mahojiano marefu adhabu ikawa kumsafisha Shangazi kila asubuhi hadi mwisho wa muhula, chini ya usimamizi wa kiranja.

Tulizo alisugua mikono yote sita kwa unyenyekevu wa kutia shaka. Alipofika kwenye kipaza sauti alivua soksi ya mguu wa kushoto, akaisokomeza ndani.

Eligiva alikuja kukagua. Daktari alikuwa amekwisha kumwona, mara mbili. Alipitisha kidole mezani, akatazama jicho la Shangazi, kisha akaona ncha ya soksi ikichungulia. Aligeuka kulia, akageuka kushoto. Akaisukuma ndani zaidi kwa kidole gumba, akafungua daftari na kuandika: Usafi, mzuri sana.

Wiki hiyo foleni ya zahanati ilirefuka maradufu. Wasichana waliinama karibu na jicho la Shangazi, wakamwambia walichomeza na walichopaka, mmoja baada ya mwingine, na jikoni wapishi wakalalamika kwamba siku hizi hakuna habari.