Sauti Ndani ya Kompyuta ya Dada

Haya yalimkuta rafiki yangu kinyozi, mtu asiyejua kudanganya hata umlipe.

Dada yake alikuwa na kompyuta iliyochoka, yenye sauti zilizorekodiwa za mwanawe aliyefariki. Ilipoanza kukwamakwama, kinyozi akajitia ufundi: angeweka mfumo mpya wa bure aliosikia wateja wakiusifu.

"Kaka, kazi yako ni nywele," dada alimwambia. "Sauti za mwanangu usiziguse."

"Niachie mimi."

Akajifungia stoo, chumba kisicho na dirisha wala taa. Mfumo ukagoma na kugoma, mwisho ukauliza kama afute diski yote. Akadhani inayofutwa ni flashi aliyoichomeka, ile yenye mfumo mpya. Akakubali. Feni ya kompyuta ikavuma, ikanyamaza, skrini ikazima. Giza totoro.

Kutoka ndani ya kompyuta, sauti ya mtoto yule ikasema taratibu, "Mjomba, mbona umezima taa?"

Kinyozi akachomoa waya, akatoa betri. Sauti haikukoma.

Alipomweleza dada yake, dada aliikumbatia kompyuta ile. Mpaka leo hulala ameiegemeza sikioni, akimsihi mwanawe aseme neno moja tu. Hasikii kitu. Kinyozi, anayeketi pembeni, ndiye anayemsikia mtoto akiuliza, "Mjomba, mama yuko wapi?"