Mistari Kwenye Kioo

Kioo hakikuwa kimeibwa, na hilo ndilo lililomkera Inspekta. Mwizi akiiba, angalau unajua cha kutafuta. Hiki kilikuwa mahali pake, maabarani, ndani ya sanduku la naitrojeni lisiloingiza hewa, lililofungwa kwa ufunguo. Ila utando uliokuwa juu yake ulikuwa umeliwa.

"Umeliwa na nani?" aliuliza.

"Na hewa, afande," alisema mtafiti kijana, macho mekundu kwa kulia. "Ni salfaidi ya molibdeni, tabaka tatu tu. Ikikutana na oksijeni na unyevu, inaoza. Ikipata na mwanga, ndiyo basi tena."

"Kama kutu?"

"Binamu yake kutu."

Inspekta akacheka. Alishaanza kumpenda binti huyu kama mama, na kazini hilo ni kosa.

Mkurugenzi wa maabara hakucheka. "Utando huu ulikuwa wa vihisi vya hewa, kwenye mashine za watoto njiti. Funguo ni mbili: wa binti huyu na wa Mwalimu. Mwalimu ndiye aliyeuvumbua, hawezi kuua mtoto wake. Binti huyu alikuwa na haraka ya likizo, akauacha nje, leo akaurudisha kimyakimya. Leo anafungasha virago."

"Taratibu, mzee. Polisi hapa ni mimi."

Alivaa glavu, akainamia kioo na lenzi yake. Mstari uliofifia, mstari unaong'aa, tena uliofifia, yote imenyooka kama iliyopigwa rula. Pembe moja tu haikuwa na mistari: yote iling'aa. Aliigusa. Iliteleza. Akanusa kidole: nta ya mshumaa.

"Hewa haili kwa mistari," alisema. "Binti, kwako dirishani umetundika nini?"

"Shuka kuukuu, afande. Pazia bado nalipigia hesabu."

Maabara haikuwa na dirisha hata moja. Inspekta alipiga picha ya kioo, akazunguka jengo zima chumba kwa chumba, mpaka ofisi ya mwisho ghorofani. Humo dirisha lilikuwa na pazia la vibao vyembamba. Kivuli chake kililala kwenye kizingiti cha dirisha, mstari kwa mstari. Aliweka picha kando ya kivuli. Vilikuwa pacha.

Mwenye ofisi alikuwa mzee aliyefundisha nusu ya watu wa jengo lile, mkurugenzi akiwamo, ndiyo maana wote walimwita Mwalimu.

"Likizo nzima kioo kilikuwa wapi, Mwalimu?"

Mzee alitazama kizingiti. "Hapo ulipoweka mkono."

"Kwa nini?"

"Miezi sita namsihi mkurugenzi tuujaribu utando nje ya sanduku. Anasema nimezeeka. Wodini hakuna naitrojeni, mama. Kuna mvuke, na taa haizimwi. Kihisi kikioza kinadanganya: mashine inasema hewa ipo, kumbe haipo. Mjukuu wangu alizaliwa njiti. Nilikaa kando ya mashine ile siku zote zile. Ningewezaje kuwapelekea wengine kitu nisichokiamini?"

"Ukafunga pazia."

"Nusu tu, mtu asikione. Nikasahau kuwa mwanga utatia sahihi."

"Na binti wa watu ukamwachia msala?"

Mwalimu aliinamisha kichwa. "Nilitaka kusema asubuhi. Mkurugenzi alipoanza kufoka, mdomo ukawa mzito. Hilo ndilo linaloniumiza. Kioo si kitu."

Inspekta alikuwa na hasira naye, na huruma pia. Akamsogezea picha. "Na nta hii?"

"Nilidondosha kidogo pembeni, kujaribu kama itaukinga. Sikuthubutu kuangalia." Alivaa miwani. Aliitazama ile pembe, akageukia mlango. "Mwanangu! Njoo uone!"

Mtafiti alikuja mbio, mkurugenzi nyuma yake. Mwalimu aliungama tena mbele yao, kila neno, akamwomba binti msamaha huku amesimama.

Binti aliinamia meza. Alikuwa ameikazia macho picha.

"Pembe imesalimika, Mwalimu," alisema mwishowe. "Nta itayeyuka wodini. Lakini tukipata kitu cha kuuziba namna hii..."

Mkurugenzi alishusha pumzi ndefu. "Kumbe wodini ungeoza kweli," alisema polepole. "Binti, virago viache. Kioo kirudi maabara."

"Hakirudi," alisema Inspekta. "Ni kielelezo. Kinakwenda kituoni."

"Basi nitakuja kituoni na hadubini, afande," alisema binti, akifuta macho. "Una meza?"

Inspekta alifikiria meza yake, iliyojaa mafaili, chini ya dirisha.

"Ninayo," alisema. "Ngoja niisogeze gizani."