Ndoo ya Bati ya Bibi Tusekile

Kila asubuhi kabla ya shule, Sekela huteremka hadi chemchemi ya kitongoji chao, Kinyala, kuteka maji. Siku hiyo mvua ilinyesha na njia iliteleza, naye alitakiwa pia kujaza kichupa cha maji ya chemchemi ambacho Bwana Afya angekipima shuleni. Akaona uvivu. Akachota maji ya mvua yaliyolala siku mbili kwenye ndoo ya bati ya bibi yake. "Nani atajua?" alijiambia.

Shuleni, Bwana Afya Emiliani alitia tone la dawa katika kila kichupa, akakimulika kwa tochi ya mwanga wa zambarau. Dawa hiyo hung'aa ikikutana na madini ya zinki. Vichupa vya wenzake wa vitongoji vingine havikung'aa. Cha Sekela kiliwaka kijani.

"Maji haya ya wapi?"

"Ya chemchemi yetu," Sekela alijibu.

Emiliani alikunja uso. "Basi leo naifunga. Mtateka mtoni."

Mtoni ni mwendo wa saa nzima! Njia ya mwongo ni fupi, na ya Sekela ilikuwa imefika mwisho. Alianza kulia.

"Nimedanganya, Bwana Afya. Nilichota kwenye ndoo ya bati ya bibi."

"Ndoo hiyo mnawekea nini kingine?"

"Maji tu. Ila jana chungu cha togwa kilipasuka, bibi akahamishia togwa kwenye ndoo yake ya pili ya bati. Leo majirani wanampalilia migomba, naye atawapa wainywe."

Emiliani alishtuka. "Uji wa togwa ni mchachu! Unayeyusha zinki iliyopakwa kwenye bati kuliko maji. Watatapika wote. Panda pikipiki!"

Walipofika kwa bibi, walikuta vikombe vimeshajazwa. Mtoto mmoja alikuwa amekiinua chake.

"Msinywe!" Sekela alipiga kelele.

"Ee Kyala, Mungu wangu! Togwa yangu ina nini?" Bibi Tusekile aliuliza kwa hasira.

Emiliani alichuja togwa kidogo, akatia dawa, akaimulika jikoni penye giza. Iliwaka kuliko yale maji. Bibi aliimwaga yote mwenyewe, kisha akamshika mjukuu wake mkono. "Ndaga, mjukuu wangu. Asante."

Kesho yake Sekela aliteremka chemchemini mvua ikimnyeshea. Safari hii kichupa hakikung'aa.

"Chemchemi ni salama," Emiliani alisema. "Lakini kumbuka, Sekela, tochi hii huonyesha zinki tu. Uongo haiuonyeshi. Jana majirani walipona kwa sababu uliukiri mwenyewe, mapema."