Mbege ya Dada Anasia

"Siku ya nne," lilisema Pua. "Ndizi inashuka, kileo kinapanda. Siki hakuna. Msifunue."

Ndetaulwa Shao, ambaye tayari alikuwa ameshika mfuniko wa tangi la pombe, aliuachia haraka.

"Yaani mashine uliyoiunga juzi kwa makopo inaniamuru mimi?"

"Haijakuamuru, imekushauri," alisema rafiki yake, Aminieli Kilewo, bila kuinua macho kwenye daftari lake. "Tena tumeiunga wote. Makopo yalikuwa yako."

Hilo lilikuwa kweli. Pua lilikuwa sanduku la bati lililoning'inizwa kwa waya juu ya tangi. Ndani yake mlikuwa na vihisi kumi na viwili vilivyong'olewa kwenye ving'ora vya zamani vya kuvuja gesi, na kila kimoja Aminieli alikipaka dawa yake ili kinase harufu moja tu: ndizi mbivu, kileo, siki, uozo, na kadhalika. Spika yake ilitoka kwenye redio iliyozoea kurusha mahubiri, na labda ndiyo maana kila lilichosema Pua kilisikika kama onyo la siku ya mwisho.

Vitu vingine navyo vilikuwa vya kuokota. Tangi lilikuwa la hita ya maji ya jua. Lilikaa ndani ya friji mbovu lililogeuzwa kazi, likitunza joto badala ya baridi. Kutoka kwenye mfuniko ulishuka mpira wa dripu hadi kwenye chupa ya maji, na ndani ya chupa hiyo viputo vilipanda kimoja kimoja, bila kuchoka. Ndetaulwa, fundi pampu kwa miaka arobaini, alikuwa amevuta kigoda na kuvitazama tangu asubuhi.

"Nieleze tena," alisema. "Humo ndani anayepuliza ni nani?"

"Hamira. Vijidudu vidogo kuliko vumbi. Wamekuja wenyewe na ndizi. Wanakula sukari, wanatoa kileo na hewa. Hewa ndiyo hiyo unayoiona."

"Na hakuna aliyewafundisha?"

"Hakuna."

"Aisee," alisema Ndetaulwa, akavuta kigoda karibu zaidi. "Na mimi kila pampu lazima niisomeshe."

Msomaji wa zamani angeshangaa kuona wazee wawili wa Moshi wakishangazwa na mbege, pombe ya ndizi ya Wachaga. Lakini katika Moshi ya miaka hiyo karibu hakuna tena aliyekuwa akipika pombe, wala supu. Migomba ilikuwa imepanda kwenye mashamba ya ghorofa na kuwa mali ya viwanda. Watu walikula uji wa msingi, mweupe, wenye kila kirutubisho na usio na ladha yoyote, kwa sababu ladha ilikuwa na kifaa chake. Kiliitwa kiladha. Kilikuwa na ukubwa wa punje ya mchele, kilibandikwa chini ya ulimi, na kilizungumza moja kwa moja na mshipa unaopeleka ladha kwenye ubongo. Mtu alitamka "pilau," akanywa uji, akala pilau. Katika miaka ile mvua ilipokataa kabisa, kiladha kilikuwa kimeuokoa mji, na atakayekidharau hakumbuki ile njaa.

Aminieli Kilewo alikuwa mmoja wa wahandisi saba waliokitengeneza.

Hakuwa na haja ya pombe. Haja yake ilikuwa dada yake, Anasia, aliyeishi bila kiladha juu kule Mamba, mlimani, na ambaye hakuwa amezungumza naye kwa miaka kumi na tisa. Mama yao alipokuwa kitandani, amekataa kula, aliomba kitu kimoja tu: mbege. Jioni Aminieli alimbandikia kiladha, cha majaribio wakati huo, na asubuhi akamnywesha kikombe cha maji matupu na kukiwasha kwa kitufe upande wa mbege. Kisha akamuuliza, "Ikoje, mama?" Mama akatabasamu, akasema, "Tamu, mwanangu. Kama ya Pasaka." Aminieli aliyaandika maneno hayo kwenye ripoti. Siku tatu baadaye mama alifariki, na Anasia alimwambia mbele ya waombolezaji, "Mama ameomba pombe, wewe umempa maji," akaondoka.

Mwezi uliopita Anasia, akiwa na miaka sabini na sita, alikuwa ametuma ujumbe mfupi. "Jumamosi ya mwisho wa mwezi ujao, saa nne. Ukitaka kuomba radhi, omba kama watu wanavyoomba. Ukija na chupa ya kiwandani usishuke kwenye gari."

Kuomba kama watu wanavyoomba kulikuwa na utaratibu wake. Mkosaji huja na jani la isale, mmea wa kuombea msamaha, lililofungwa fundo; likipokelewa, amesamehewa. Huleta pia mbege iliyopikwa nyumbani kwake. Haji peke yake, huja na mtu wa kumsimamia. Na hunywa yeye kwanza, mbele ya aliyemkosea, ndipo ampe. Aminieli alijua kwamba akiikosa Jumamosi hiyo hapangiwi nyingine, kwa hiyo alimwendea Ndetaulwa na kumwambia, "Nisaidie kutengeneza kiwanda cha pombe, ila sina kitu." Ndetaulwa alikuwa amejibu, "Mimi nina makopo."

Siku ya tano Pua liliruhusu. Walichuja maji ya ndizi, wakapika uji wa ulezi uliooteshwa na kukaushwa, wakaupoza, wakauchanganya humo. Likabaki gome la msesewe, lile chungu linaloipa mbege ukali wake na kuizuia isiwe juisi tu. Hapo hakuna aliyekumbuka kipimo.

"Bibi alikuwa anaweka kiganja," alisema Ndetaulwa. "Au nusu. Nilikuwa mdogo, nilikuwa naangalia nyama."

Waliweka kiganja cha unga wa gome. Pua lilikaa kimya. Ndetaulwa alichota, akaonja. "Tamu tu."

Wakaongeza cha pili. Pua kimya. Ndetaulwa akaonja. "Bado tamu. Safi kabisa, lakini ukali hakuna."

Cha tatu kilipoingia na Ndetaulwa akalamba midomo kwa raha, Aminieli aliweka kijiko chini polepole. Alikuwa ameelewa mambo mawili kwa pamoja, na aliona aibu kwamba hakuyawaza mapema. Msesewe hauna harufu ya kunaswa, kwa hiyo Pua lisingeweza kuujua hata wakimwaga gunia. Na kiladha kilitengenezwa kufunika kila kitu kichungu, kwa sababu hakuna mteja aliyewahi kuagiza uchungu. Hilo alilibuni yeye mwenyewe, kwa mkono wake, na alipewa tuzo.

"Tuvitoe," alisema. "Viladha. Tuonje kwa ndimi zetu."

Alichukua koleo dogo, akatoa chake, akatoa cha Ndetaulwa. Wakaonja.

Ndetaulwa alisubiri. Akaonja tena. Akachovya kidole kwenye chumvi, akakilamba.

"Mbona ni kama kulamba ukuta?"

Aminieli alilifuta koleo kwa kitambaa.

"Mbe, ndugu yangu, nakuuliza. Ulimi wangu umekwenda wapi?"

"Umelala," alisema Aminieli. "Kiladha kikiusemea kwa miaka mingi, mshipa wenyewe unaacha kusema. Huchukua kama miaka kumi hivi. Tuliona dalili kwenye majaribio."

"Mliona lini?"

"Mapema."

"Kabla ya kipaimara cha mwanangu Manka? Siku uliyoniletea hiki, kimefungwa utepe?"

"Kabla."

Ndetaulwa alinyanyuka kwenye kigoda. Hakupaza sauti, na hilo lilimuumiza Aminieli kuliko kelele. "Manka ana kibustani chake dirishani. Nyanya tatu, mchicha kidogo. Kila Jumapili ananipikia chakula cha kweli, anakaa mbele yangu, ananiuliza. Miaka kumi na mitano namwambia ni kitamu. Nilikuwa nasifu nini, Aminieli?"

Akatoka. Kiladha chake alikiacha mezani.

Aminieli alibaki na tangi. Ndizi za udongo, zisizo za ghorofani, zisingepatikana tena kabla ya mwezi kwisha, na hata zingepatikana zingetaka siku tano. Ilibidi iende hivyo hivyo. Kwa siku mbili alijaribu kuuamsha ulimi wake kwa chumvi, kwa limao, kwa majivu, akiandika matokeo daftarini kama alivyozoea maisha yake yote. Kila mstari aliandika neno moja: hakuna. Jambo la ajabu ni kwamba katikati ya majuto yake bado alitaka kujua. Je, mshipa umekufa au umesinzia tu? Hilo hakuna aliyekuwa amelichunguza, kwa kuwa hakuna aliyekuwa tayari kukaa bila kiladha kwa muda wa kutosha kulichunguza.

Jumamosi asubuhi alimkuta Ndetaulwa mlangoni, amevaa koti, ameshika dumu lililooshwa likang'aa.

"Sijakusamehe," alisema Ndetaulwa. "Nimekuja kubeba pombe. Huwezi kwenda peke yako, si utaratibu."

"Umebandika kiladha kingine?"

"Sina kingine. Kile kiko pale pale kwako mezani. Tusogee, tutachelewa."

Walipanda kwa gari la waya, lile linaloning'inia juu ya minara ya migomba na kupandisha watu mlimani bila dereva. Dumu lilikaa kati ya miguu ya Ndetaulwa, na walipopita kituo cha tatu alilitegea sikio. "Bado wanapuliza," alisema, kisha akakumbuka kwamba ana hasira, akatazama nje.

Anasia aliwapokea uani, ameketi wima kwenye kiti, shuka mabegani. Alikuwa amepungua mwili, lakini macho yalikuwa yale yale ya mama. Aminieli alitoa jani la isale kwa mikono miwili. Dada yake hakulipokea.

"Kunywa kwanza," alisema.

Ndetaulwa alimimina kwenye kata. Aminieli akanywa hadi nusu. Ilishuka baridi na nzito, wala haikuwa na neno lolote la kumwambia. Akampa dada yake.

Anasia alipiga funda moja, na uso wake wote ukajikunja.

"Mungu wangu! Msesewe mmeweka kiasi gani?"

"Viganja vitatu, dada," alisema Ndetaulwa.

"Vitatu! Mama alikuwa anabana kwa vidole hivi viwili! Hii ni ya kumtibu ng'ombe."

Hata hivyo kata hakuiweka chini. Aliishika mapajani, kisha akaingiza mkono ndani ya shuka na kutoa kikopo cha ugoro. Alikifungua, akakielekeza kwa kaka yake. Ndani, juu ya kipande cha pamba, kulikuwa na kidude kama punje ya mchele.

Aminieli alikitambua kwa mkwaruzo wa pembeni. Kilikuwa cha majaribio, namba mbili.

"Mama alikitema asubuhi ile," alisema Anasia. "Kabla hujafika na kikombe chako. Nilikiokota mimi kwenye shuka."

"Haiwezekani. Alisema tamu. Alisema kama ya Pasaka."

"Alikunywa maji, akajua ni maji. Ulikuwa umepiga magoti pale na daftari lako, unamtazama usoni. Ulitaka aseme nini? Akanishika mkono, akaniambia nisikuvunje moyo. Nikamtii. Lakini nilikuwa nasubiri ujue mwenyewe, Amini. Dunia nzima imekula kwa ripoti ile, na ripoti yenyewe ilikuwa huruma ya mama kwa mtoto wake."

Aminieli alikaa chini, kwenye udongo, na suruali yake nzuri. Alilia waziwazi, kama watu wanavyolia msibani, kwa sababu huu ulikuwa msiba na alikuwa amechelewa kwa miaka kumi na tisa.

Ndetaulwa, asiyejua aangalie wapi, aliichukua kata na kunywa kwa kukosa la kufanya. Akapiga funda, akameza, akasimama ghafla mdomo wazi.

"Hapa," alisema, akijigusa koo. "Nyuma kabisa ya ulimi. Kuna kitu."

Aminieli aliinua uso. "Kitu gani?"

"Sijui. Kinakaza. Kibaya." Akanywa tena, haraka, akakunja uso. "Kibaya sana! Aisee, kibaya kweli!" Naye alikuwa anacheka, na machozi yanamtoka. "Manka lazima anipikie kesho. Hata aunguze."

"Kimeanza sekunde ngapi baada ya kumeza? Ni pande zote au upande mmoja?" aliuliza Aminieli, na mkono wake tayari ulikuwa umeingia mfukoni kutafuta daftari. Kisha akaona dada yake anautazama mkono huo. Akautoa mtupu.

Anasia alimrudishia kata.

"Na wewe? Hebu onja tena."

Alikunywa. Walimtazama wote wawili, wameinama kidogo, Ndetaulwa akiwa na matumaini makubwa usoni. Aminieli alijua jinsi ambavyo ingekuwa rahisi. Neno moja tu lingetosha kuwafurahisha.

"Ikoje?" aliuliza Anasia.

"Sisikii kitu, dada," alisema. "Hata kidogo."

Anasia alinyoosha mkono, akalichukua lile jani kwenye udongo Aminieli alipoliacha, akaliweka mapajani pake. Kisha akaijaza kata tena, mpaka juu.

"Basi kunywa," alisema. "Leo hatuna haraka."