Maili Moja Tu

Jumamosi moja ya Januari, nyumbani kwa Maren Haugstad, mjini Duluth, kando ya ziwa, kulikuwa shwari kabisa. Chapati za maji zilikuwa zinaiva jikoni. Espen, wa miaka minne, alikuwa chini ya meza akiegesha magari yake ya plastiki kwa mistari. Mdogo wake Jordis, ambaye wiki hiyo alikuwa ametimiza miaka miwili, alikaa kwenye kiti chake kirefu akinyonya vidole viwili vya mkono wa kushoto. Nje theluji ilikuwa inapeperushwa kwa ubavu na upepo, na kipimajoto cha dirishani kilionyesha nyuzi kumi na nane chini ya sifuri.

Ndugu zangu tunaoishi kwenye barafu hii, laiti mama huyu angebaki jikoni kwake, nami nisingekuwa na cha kuwasimulia.

Simu ikalia. Alikuwa Curt, mumewe, aliyekuwa barabarani tangu alfajiri na mtambo wa kusukuma theluji.

"Maren, leo usitoke. Huku sioni hata pua ya gari langu."

"Maili moja tu, Curt. Dakika kumi na moja nimesharudi."

"Na watoto?"

"Si kwenye kigari chao cha kusukuma? Wamezoea."

"Basi ningoje nirudi."

"Utarudi saa ngapi? Jana ulinikuta nimelala fofofo."

Curt akasema wenzake wanamwita redioni. Akakata simu.

Msimhukumu upesi. Maren alikuwa katika kundi la wakimbiaji kumi na wawili waliowekeana ahadi: kila siku ya Mungu, angalau maili moja, tena nje. Mashine ya kukimbilia ndani haihesabiki. Ukikosa siku moja, unaanza tena na moja. Yeye alianza Jordis alipokuwa na wiki sita, wakati ambapo alikuwa hawezi hata kuoga kwa huzuni, na mbio ndizo zilizomwinua kitandani. Sasa alikuwa amefika siku ya mia sita themanini na nane. Aliamini moyoni kwamba akikosa moja, ile huzuni itarudi na kumkuta mlangoni.

Asubuhi hiyo rafiki yake Gretta alikuwa ameshawaandikia wote: "Leo ndiyo tutajua nani mkimbiaji na nani mpiga soga."

Basi Maren akawavisha watoto nguo juu ya nguo, glavu, kofia na blanketi, akawafunika kwa plastiki ya kukinga upepo. Mwenyewe akavaa nyepesi, maana mkimbiaji anajua kwamba baada ya dakika tano jasho litamtoka.

Jirani yake Lempi Koskela, mjane wa miaka sabini na tano, alikuwa anazoa theluji mlangoni kwake kwa koleo.

"We Maren! Nani anakufukuza?"

"Maili moja tu, Bi Lempi!"

"Waache hao kwangu. Nimetoa mikate ya iliki sasa hivi, watakula mpaka wasinzie."

"Kuwavua nguo zote hizi halafu niwavishe tena? Nitakuwa nimerudi kabla hujamaliza viatu!"

"Kichwa kigumu kama baba yako. Haya, nenda."

Akashika barabara ya ziwani, upepo ukiwa mgongoni. Alichagua upande huo kwa ajili ya watoto, wasije wakapigwa usoni. Kigari kiliteleza chenyewe, miguu ikawa myepesi, na alipofika nusu maili, mahali pa kugeukia, mwili wake ulikuwa umepata moto mzuri. Akaongeza nusu nyingine. Kila mkimbiaji anayesoma hapa anajua kosa liko wapi: siku ya upepo unaanza kwa kuukabili, ili ukusaidie kurudi umechoka. Maren alilijua hilo vizuri kuliko mimi.

Alipogeuka, upepo ulimziba pumzi. Magurudumu yakajaa theluji, mbio zikawa kutembea, na kutembea kukawa kusukuma hatua tatu na kusimama. Plastiki iliganda ukungu kwa ndani, akawa hawaoni watoto. Alimsikia Jordis akilia. Kisha kwa mbali akasikia sauti ya Espen, akainama juu ya kigari na kusema kwa nguvu, "Tunakaribia!" Baadaye kukawa kimya.

Wamelala, akajiambia. Akashukuru kwamba wamelala.

Jasho lake lilianza kuganda mgongoni. Vidole vyake havikusikia tena mpini wa kigari. Ajabu ni kwamba hakuogopa. Hakusikia hofu wala baridi wala huruma, alisikia tu kwamba lazima asukume. Dakika arobaini zilipita hivyo.

Bi Lempi ndiye aliyemwokoa. Aliona dakika kumi na moja zimekuwa arobaini na tano, akatupa koleo na kuwasha gari lake kuukuu. Aliwakuta kando ya barabara.

"Ingia! Kigari hicho kiache!"

Akaifungua plastiki mwenyewe. Espen alikuwa macho, midomo ya bluu, anatetemeka bila kusema. Jordis alikuwa ametulia mno. Glavu yake ya kushoto ilikuwa miguuni, na vile vidole viwili alivyozoea kunyonya, vilivyokuwa vimelowa mate, vilikuwa vyeupe na vigumu kama mshumaa. Maren akavishika avisugue.

"Usisugue! Utamchubua nyama!" Bi Lempi akafungua koti lake, akauingiza ule mkono mdogo kwapani mwake, akabaki hivyo huku Maren akiendesha gari kwenda hospitali.

Daktari alisema vidole vitalowekwa kwenye maji ya uvuguvugu, kisha itabidi kusubiri wiki kadhaa, mpaka ngozi yenyewe ionyeshe kilicho hai na kilichokufa. Mtoto alipopata joto ndipo alipolia, kilio ambacho Curt, aliyefika na buti zake za kazini, alishindwa kukisikiliza akatoka koridoni. Maren alibaki. Hakulia. Alikuwa anatazama vigae vya sakafu.

Simu yake ikatetemeka. Gretta alikuwa ameona maili zilizotumwa na saa yake ya mkononi. "689! Mwanamke wa chuma wewe!"

Maren akaandika, "Asante." Hakujua kwa nini. Kidole kiliandika tu.

Mwezi Machi vidole vile viwili vilikatwa kwenye pingili ya kwanza. Jordis alizoea upesi, kama watoto wanavyozoea. Maren alipika, alifua, alijibu watu alipoulizwa, lakini alikuwa kama mtu anayesikiliza kutoka chumba cha pili.

Siku moja ya Aprili, alikuwa akimfunga Espen zipu ya koti, mtoto akasema bila hasira, kama anayetaja rangi ya gari:

"Mama, siku ile sikulala."

"Siku ipi?"

"Ya upepo. Nilikuwa nakuita. Nilikwambia Jordis katoa glavu. Nikakwambia, nikakwambia, halafu nikachoka."

Maren akaketi chini palepale sakafuni, mkono bado uko kwenye zipu. Ndipo alipolia kwa mara ya kwanza tangu Januari, na alilia mpaka Bi Lempi akasikia kutoka kwake na kuja.

Funzo

Wazazi wenzangu, anayekimbia ana moto wake, anayesukumwa hana. Usipime baridi ya mtoto kwa jasho lako. Mtoto akinyamaza kwenye kigari siku ya theluji, simama, funua, mwangalie macho na umshike mikono, hata kama umebakiza hatua mia moja. Ahadi uliyojiwekea wewe ni yako, usimlipishe asiyeiweka. Na ninyi marafiki mnaohesabiana siku, mwenzenu akiwa na watoto nyumbani, mwandikieni hivi: leo pumzika, tutakupenda hata ukianza na moja.