Dirisha la Saba

Jumanne hiyo ilianza kama siku yoyote. Winifred Ashdown na mumewe Clive, mafundi wa plasta, walikuwa wakikarabati jumba moja la kale nje kidogo ya mji wa Malvern, jeupe, lenye nguzo mbele na mnara mdogo pembeni.

Saa nne asubuhi Clive akaita kutoka bustanini.

"Winnie, huku nje madirisha ya juu ni saba. Ndani nimehesabu sita."

"Wewe hata soksi zako hujui kuhesabu."

Clive akacheka, akapanda ghorofani na futi yake ya kupimia. Chini, Winnie alizisikia hatua zake darini. Zikavuka chumba cha mwisho. Zikafika penye ukuta. Zikaendelea.

Kisha zikakoma.

Winnie alipanda mbio. Hakukuta mtu. Ukuta mtupu, wenye karatasi ya maua. Ndani yake, sauti ya mumewe:

"Winnie, mbona umezima taa?"

Nje jua lilikuwa linawaka.

Alimpigia simu Bi. Pruett, afisa wa majengo ya kale. Akafika baada ya saa moja, na makabrasha yake.

"Pole, Bi. Ashdown. Jumba hili linalindwa na sheria. Ukuta hauguswi bila kibali. Wiki nane."

"Mume wangu hana wiki nane! Weka sikio hapo. Nakuomba, dada yangu. Weka tu."

Bi. Pruett aliweka sikio. Akayaweka makabrasha chini.

"Anasema hewa inamwishia," alinong'ona. "Vunja."

Winnie alishika nyundo. Alipiga huku akilia, akiita. Plasta ikaanguka. Matofali yakaanguka. Sauti ilififia, ikawa pumzi, ikawa kimya.

Nyuma ya ukuta palikuwa na chumba chembamba, na dirisha la saba. Vumbi sakafuni lilifika kwenye vifundo vya miguu. Halikuwa na unyayo hata mmoja.

Polisi walitafuta mwezi mzima. Clive hakuonekana tena.

Wataalamu waliipima plasta ya chumba kile. Ilikauka miaka mia moja na themanini iliyopita, walisema. Ndani yake kulikuwa na alama ya kiganja kipana, kidole kidogo kimekatika nusu, kama cha Clive alichokatwa na msumeno ujanani.

Pembeni yake kulikuwa na kiganja cha pili, chembamba. Winnie aliweka chake juu yake.

Kilimtosha, hadi kovu la kidole chake gumba.